Deni la Mlango

Karani wa SACCO aligeuza kioo cha kompyuta kikanielekea ili nisome mwenyewe. Majina yangu yote matatu yalikuwa pale, na namba ya kitambulisho, na mwezi wa Mei 2019, na shilingi 1,640 ambazo hazijalipwa. "Mama, uko CRB," akaniambia kwa sauti ya chini ili waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wasisikie. Nilimshukuru kwa ile sauti ya chini. Kisha nikatoka nje, nikasimama kwenye jua la Januari 2024 nisijue nielekee wapi.

Nilikuwa nimekwenda kuomba 45,000 za kununua mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Mimi ni fundi cherehani Makina, Kibera, si mbali na Soko la Toi. Januari ndiyo msimu wangu wa mavuno: shule zinafunguliwa, wazazi wa Olympic na Ayany wanaleta vitambaa vya sare, nami hushona mpaka stima ipotee. Lakini kwa kuwa sina ovaloki, kila sketi na kila kaptula lazima niipeleke kwa fundi mwingine anifungie kingo, na faida hubaki kwake. Miaka minne nilikuwa nikiweka akiba kila wiki kwa ajili ya siku ile. Wadhamini wangu wawili walikuwa wameshatia sahihi. Na kama kuna jambo nililojivunia maishani, ni kwamba sijawahi kukopa kwa simu hata shilingi moja.

Nitaanza na ya nyumbani kabla ya ya ofisini, maana nyumbani ndiko kulikokaribia kuvunjika.

Barua ya SACCO ya kunikatalia mkopo niliikunja mara nne, nikaificha ndani ya sufuria kubwa, ile inayoshushwa Krismasi na wakati wa matanga. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi kilichogawanywa kwa pazia. Mwenye la kuficha ana juu ya kabati na ndani ya sufuria, basi. Sikutaka mume wangu ajue. Yeye ni fundi wa mjengo, hupanda magorofa ya Kilimani tangu alfajiri, na alikuwa amekubali kutoa malipo yake ya wiki mbili yaongezee bei ya mashine. Niliogopa swali moja tu: deni hili ulikopa kwa ajili ya nani?

Siku ya nne kazi ilisimama kwa kukosa saruji, akarudi mapema. Akasema leo atapika githeri mwenyewe, akaishusha ile sufuria. Nilisikia karatasi ikikwaruza bati kabla sijageuka. Aliisoma akiwa amesimama, hadi mwisho, kisha akaniuliza swali lile lile nililoliogopa, neno kwa neno.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia simu yangu hushinda mikononi mwake kila Jumapili akiangalia mpira, kwa hiyo ajiulize mwenyewe. Naye akasema mwaka 2019 nilikuwa nikitoka na mizigo ya sare na kurudi bila pesa, na sasa ameelewa pesa zilikokuwa zikienda. Watoto walikuwa nyuma ya pazia wakijifanya wamelala. Githeri ikaungua. Tangu usiku ule tuliishi kwa kutumana watoto: "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Mwambie mama yako sinywi." Mtu ambaye hajanuniwa ndani ya futi kumi kwa kumi hajui jinsi kimya kinavyoweza kujaa chumba hadi ukakosa pa kuweka mguu.

Kwetu deni si jambo geni. Mwenye duka ana daftari lake, na ukurasa wangu umo: unga, sabuni, mafuta nusu lita. Ninapolipa anapiga mstari juu ya jina langu nikiona kwa macho yangu, na mstari ukishapigwa, habari imekwisha. Nilidhani CRB ni daftari la namna hiyo, ila kubwa zaidi. Majirani zangu wengi bado wanadhani hivyo.

CRB ni ofisi za kumbukumbu za mikopo. Kenya ina tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Chanzo chake ni kanuni za 2008 zilizoanza kutumika 2009, na mwanzoni ofisi hizo zilipokea habari za walioshindwa kulipa peke yao. Kanuni za 2013 ndizo zilizofungua mlango kwa habari njema nazo ziandikwe. Kwa hiyo aliyekopa benki akalipa yumo, na asiyelipa yumo. Kinachoumiza si kuwemo, ni lile neno lililoandikwa mbele ya jina lako. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa, benki huuhesabu kuwa mkopo mbovu. Mkopeshaji hutakiwa kukujulisha kabla ya kupeleka jina lako, upate nafasi ya kulipa au kupinga. Tangu simu zianze kukopesha (M-Shwari ilikuja Novemba 2012, na nyingine zikafuatana) daftari hilo limeingia mitaa kama yetu, Kibera, Kawangware, Mathare, Mukuru, likachukua majina ya watu kwa madeni yasiyofika bei ya gunia la makaa.

Aprili 2020, wakati korona imebana, Benki Kuu iliweka kima: deni lisilofika shilingi 1,000 lisimharibie mtu jina CRB. Ikawaondoa pia wakopeshaji wa simu waliokuwa hawasimamiwi na yeyote, wasiendelee kupeleka majina. Watu wengi walipumua. Deni lililobeba jina langu lilianzia 1,000 kamili, na aliyekopesha ni benki. Afueni zote mbili zilinipita.

Aliyetutoa katika ule mnuno ni bibi mwenye nyumba. Ni Mnubi, amezaliwa Makina, na mama yake pia amezaliwa Makina. Babu zao walikuwa askari Wasudani katika jeshi la Mwingereza, wakawekwa huku mwanzoni mwa karne ya 20 kukiwa bado ni pori. Jina Kibra lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Hati ya ardhi yao, ekari 288, ilitolewa mwaka 2017. Watu waliongoja karatasi karne nzima hawaidharau karatasi. Alikuja kuchukua kodi, akamwona mtoto akitumwa kwa maneno kutoka upande mmoja wa pazia hadi wa pili, akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Mnagombania jambo ambalo hakuna kati yenu anayelijua," alisema. "Karatasi hujibiwa kwa karatasi. Wewe mwanangu, kaombe ripoti yako yote, usome nani kakopesha, lini, na pesa ziliingia simu gani. Ukishasoma, ndipo umnunie mtu."

Sikujua hata kidogo kwamba mtu ana haki ya ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Niliiomba, ikaja: benki fulani, Mei 2019, shilingi 1,000 zilizozaa hadi 1,640. Nikawapigia simu hao wenye benki asubuhi moja kabla mume wangu hajatoka kwenda kazini. Kijana aliyepokea alikataa kunitajia namba yote iliyokopa, na alifanya vyema, lakini alikubali kunisomea tarakimu tatu za mwisho. Nilizirudia kwa sauti huku nikiziandika kwa chaki ya fundi kwenye meza ya cherehani.

Mume wangu alikuwa akifunga kamba za viatu. Akaacha. "Hiyo ni ya mdogo wangu," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto, kwa zaidi ya wiki.

Mwaka 2018 shemeji yangu, kitinda mimba wao, alikuja Nairobi kutoka Butere akiwa na miaka kumi na saba. Hakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho husajiliwi laini, na bila laini huwezi hata kuitwa kwenda kubeba mawe. Nilitembea naye hadi kwa wakala, nikatoa kitambulisho changu, tukamaliza kwa dakika kumi. Sikufikiri mara mbili. Ni nani kati yetu hajamsajilia mtu laini: mpwa, msichana wa kazi, mzee aliyepoteza kitambulisho na anaambiwa angoje kipya? Shemeji akaenda kuishi na mama mkwe Kawangware. Na kila mume wangu alipomtumia mdogo wake pesa, simu ilimjibu kwamba ametuma kwa mkewe. Tulikuwa tukicheka, tukionyeshana. Jina langu lilipita mbele ya macho yetu kila mwisho wa mwezi, na hatukujiuliza ni nini kingine kinachoweza kufanywa kwa jina hilo.

Nalisema hili bila kuzunguka: kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu. Kumsajilia mtu laini kwa kitambulisho chako ni kumwachia karatasi tupu ambayo umeshaitia sahihi. Hata akiwa mtu mwema, hujui siku atakayobanwa ataandika nini juu yake.

Jumapili tukaenda Kawangware. Nilitaka kwenda peke yangu nikaseme yangu, mume wangu akasema tutakwenda wawili, na hatutakwenda mikono mitupu. Tukaamua nauli iwe sukari na unga, tukatembea: tukapita Toi, tukatokea Adams, tukaishika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, tukaingia Naivasha Road. Ni mwendo mrefu kwa mwenye hasira. Tulipofika Riruta hasira ilikuwa imeanza kuchoka kabla ya miguu. Yeye ndiye aliyeanza. "Lile neno la pesa za sare nililikosea," akasema akiangalia mbele. Nami nikamwambia la mpira pia halikuwa neno. Tukaendelea kutembea, safari hii sambamba.

Kawangware siku ya Jumapili ni soko mwanzo hadi mwisho. Viazi vimepangwa mafungu mafungu kando ya barabara, mitumba imetandazwa juu ya magunia, makanga wa matatu namba 46 wanaita abiria wa tauni, na spika za makanisa mawili zinashindana kutoka pande mbili za ukuta mmoja. Mama mkwe huuza omena na njugu, na nyumba yake iko ndani, nyuma ya vibanda, kwenye ploti ya mabati. Alitupokea kwa furaha iliyonichoma. Kwa mama mkwe huanzi na jambo lako; unaanza na hali, na watoto, na mifugo iliyobaki nyumbani Butere, na chai unainywa hadi chini. Shemeji sasa ana kitambulisho chake na huendesha bodaboda ya tajiri. Akaitwa kutoka steji, akaja na kofia ya pikipiki mkononi, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Mama, tumekuja na jambo," mume wangu akasema, akaisoma ile ripoti kwa Kiswahili, taratibu, tarehe na kiasi.

Sote tulimtazama shemeji. Yeye alikuwa akitazama mlango.

Aliyesimulia ni mama. Mei 2019 walikuwa nyuma ya kodi miezi miwili. Landilodi hakufunga kufuli kama wengine wafanyavyo. Alikuja na vijana wawili wenye nyundo, wakaung'oa mlango kutoka kwenye bawaba zake, wakaubeba. Mwenye kupanga mitaa hii anajua kwamba hutokea: mlango hung'olewa, au mabati ya paa, na mpangaji anabaki ndani ya nyumba isiyo nyumba. Mama alilala usiku mbili na shuka likining'inia pale penye mlango, jembe likiwa kando ya kitanda, huku watu wakipita na tochi. Alimkataza mwanawe kutuambia. Wiki ile mtoto wetu alikuwa ametoka hospitali, na mama alijua hatuna kitu. "Ningewaongezea mzigo gani tena?" akaniuliza, na sikuwa na jibu.

Shemeji alikuwa na 600 alizopata kwa kubeba mizigo sokoni. Landilodi alikubali kurudisha mlango kwa 1,600 za kwanza, nyingine zifuate. Kijana akabonyeza simu, na dakika ile ile 1,000 zikaingia. Jioni mlango ulikuwa mahali pake. Alikusudia kulipa kabla ya mwezi kwisha, lakini mwezi uliofuata simu ilinyakuliwa mkononi mwake steji. Alipopata kitambulisho mwaka 2020 akasajili laini yake mwenyewe, na ile ya zamani haikurudishwa tena.

"Shemeji, nilidhani deni limeibwa pamoja na simu," akaniambia. Hakuwa akijitetea. Ndivyo alivyofikiri kweli.

Maonyo yote ya benki, yale ya kukumbusha na lile la kwamba jina litapelekwa CRB, yalikwenda kwenye simu iliyokuwa mikononi mwa mwizi, au kwenye laini iliyokufa. Mimi, mwenye jina, nilikuwa Makina kila siku, penye cherehani yangu, kwa namba yangu ile ile ya miaka kumi, na kitambulisho changu kimesajiliwa nayo pia. Kanuni inataka mkopaji ajulishwe. Kilichojulishwa hapa ni namba. Naomba wenye kutunga kanuni walifikirie hili. Kitambulisho kilichotosha kunipata nilipokuwa nikinyimwa mkopo kingetosha kunipata siku ya kuonywa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Dagoretti Corner, na yalikuwa makali. Nikautazama ule mlango. Ni wa mbao za makreti, umepakwa rangi ya samawati, bawaba moja nyeusi na nyingine ya shaba kwa sababu ya ile nyundo. Mume wangu alikuwa ameinuka, amesimama kizingitini, ameushika kwa ukingo wake kama mtu anayepima kama umekaa sawa. Hakugeuka kwa muda. Alikuwa akijenga nyumba za watu Kilimani mwezi ule ambao mamake alilala bila mlango. Maneno yangu yote niliyameza na chai.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Shemeji atoe 600, yeye mwenyewe 400, sisi 640. Tulikataa zile 400 zake, akasema aliyelala nyuma ya mlango ule ni yeye, na atalipa. Na shemeji atanibeba kwa pikipiki kila ninapohitajika tauni, bila kunidai hata mafuta, hadi jina langu lisafishike. Nitasema ukweli, ndani yangu bado mlikuwa na uchungu, kwa maana mashine niliyoingojea miaka minne ilikuwa imenipita msimu. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa haki, nikaukubali.

Kulipa nako kulikuwa kazi. Tulijaribu kwa simu, malipo yakakataa kwa kuwa yalitaka laini ile ile iliyokopa. Ikabidi twende tawi la benki. Tulikaa foleni hadi saa nane. Nikamuuliza dada wa dirishani jinsi 1,000 zilivyokuwa 1,640, akanieleza kwa utulivu: riba na faini za kuchelewa, na kwamba Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, kinachotumika tangu 2007, hairuhusu riba ya mkopo mbovu ipande hadi kupita lile deni lenyewe lilipoharibika. Bila kifungu hicho, miaka ile mitano ingenizalisha deni la kutisha.

Kisha akaniambia jambo lililoniuma kuliko yote. Novemba 2022 Benki Kuu ilikuwa imetangaza mpango wa kusafisha majina. Mikopo ya simu ya kulipwa ndani ya siku 30, iliyokuwa imeharibika kufikia mwisho wa Oktoba mwaka ule, benki zilitakiwa kuipunguza kwa nusu au zaidi, na mkopaji alipe iliyobaki kufikia Mei 31, 2023. Waliohusika walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni nne. Naikumbuka siku hiyo! Redio zote za Toi zilikuwa zikisema Wakenya milioni nne wanatolewa CRB, na wauza mitumba walipiga makofi. Tulichosikia ni neno "kutolewa". Hatukusikia kwamba kuna nusu ya kulipa, wala kwamba kuna tarehe ya mwisho. Wala mimi sikuona sababu ya kutega sikio, nikiwa najua sidaiwi. Nilikuwa nimechelewa miezi minane.

Tulilipa katikati ya Februari. Kwa kumkumbuka bibi mwenye nyumba, sikuondoka dirishani bila barua yenye mhuri inayosema deni limekwisha. Dada yule alisema ujumbe wa simu unatosha. Nikamwomba barua, na barua ile ndiyo iliyoniokoa. Wiki tatu baadaye nilirudi SACCO, kioo kikaonyesha 1,640 zile zile. Benki hupeleka habari kwa awamu, na awamu yangu ilikuwa haijapita, au ilikuwa imepita bila mimi. Nikaipeleka nakala ya barua kwenye ofisi ya kumbukumbu yenyewe na kuandikisha malalamiko. Ukiwa na malalamiko, wao hulazimika kumuuliza mkopeshaji, na mkopeshaji hulazimika kujibu. Maneno ya mdomo hayamlazimishi mtu yeyote.

Wakati nangoja, kijana wa saiba moja aliniambia cheti cha kusafishwa ni 2,200, na yake ya kunijazia fomu ni 300. Zingekuwa 2,500 za kuthibitisha kwamba nimelipa 1,640. Nilikuwa nimeshafungua kibeti. Shemeji, aliyekuwa akiningoja mlangoni na pikipiki, ndiye aliyesema tuulize kwanza. Tukauliza, na jibu ni hili: tangu Aprili 2020 cheti cha kwanza hutolewa bure. Anayelipishwa 2,200 ni anayekiomba tena. Nimewauliza wateja wangu wa sare tangu siku hiyo, na kila aliyewahi kutafuta cheti kwa ajili ya kazi alikwenda moja kwa moja kulipa. Kijana anayehitaji kazi, ambaye hana kitu kwa sababu hana kazi, anakopa 2,200 ili apate karatasi ya kusema hadaiwi. Hili linanikera kuliko deni lenyewe.

Cheti changu kilikuja Machi. SACCO walinipa 30,000 badala ya 45,000, kwa sababu kulipa hakufuti. Mwenye duka angepiga mstari na kugeuza ukurasa. Huku habari ya kwamba mkopo ule ulikaa bila kulipwa huhifadhiwa miaka mitano tangu siku ulipolipwa. Kwangu mimi ni hadi Februari 2029. Mume wangu aliongeza, shemeji akaleta 2,000 za bodaboda bila kuombwa, na Aprili nikanunua ovaloki iliyotumika. Iko hapa kando yangu ninapoandika haya, na msimu wa Januari sikupeleka sketi hata moja kwa jirani.

Usiku wa siku ile cheti kilipokuja, watoto wakiwa wamelala kweli, mimi na mume wangu tulikaa na simu yangu tukabonyeza *106#, namba inayokuonyesha laini zote za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ile ya Kawangware haikuwamo tena, ilikwisha kufa. Zilikuwamo nne. Mbili ni zangu, moja ni ya mpwa wangu aliyeko Eldoret, ambaye nimeshamwambia akasajili kwa kitambulisho chake. Ya nne hatukuijua sisi wote wawili. Tuliikana pale pale kwa kufuata maelekezo.

Wewe uliyesoma hadi hapa, kama laini yako ni ya Safaricom, ibonyeze namba hiyo leo kabla hujalala. Haitozi kitu.